Maji ya Kusomea Ukuta

Nimehama mara nyingi kuliko mtu mwenye akili zake anavyopaswa kuhama. Nimekaa Mpanda, nikakaa Kigoma, nikarudi Tabora mjini nilikozaliwa, nikaondoka tena kwenda Bukene kuuza mafuta ya taa. Kila nilipotafuta chumba cha kupanga niliuliza kwanza kama kuna mashine ya kusaga jirani. Si kwa ajili ya unga. Mashine ya dizeli ikikohoa mara mbili kisha ikanyamaza, hata leo nikiwa nimevuka miaka arobaini, viganja hunilowa jasho. Mke wangu hucheka. Halafu huacha kucheka, kwa kuwa naye alikuwapo.

Mashine ninayoisikia haikuwa ya kusaga. Ilikuwa ya kuvuta maji, katika kijiji cha ujamaa kilichokuwa mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka stesheni ya Kaliua, ndani ya miombo. Watu walikuwa wameletwa pale kutoka kwenye vitongoji vyao, wakiacha nyumba na makaburi ya wazee wao yakimezwa na majani. Walinung'unika sana, lakini walikuja, maana waliahidiwa maji ya bomba, na maji ya bomba yalikuja kweli. Kisima kirefu kilichimbwa, tangi likajengwa kwenye mwinuko, nyumba ya mashine ikasimamishwa kwa tofali za udongo. Mimi nikapangiwa kuiendesha.

Nilikuwa kijana wa mjini, mtoto wa fundi cherehani. Nilimaliza kidato cha nne, nikakosa nafasi ya kuendelea, nikapelekwa kozi fupi ya mashine za maji. Mwalimu wetu wa kozi alikuwa mzee mkali asiyecheka, na alitukaririsha jambo moja kuliko mengine yote. "Mashine haina mdomo," alisema. "Kila ikikukatalia, andika. Andika siku gani, imefanya nini, moshi wa rangi gani, nawe umeifanya nini. Siku ikikataa kabisa kuwaka, fundi akija aikute habari yake. Bila hivyo atakuuliza wewe, nawe utakuwa unatetemeka, utasema uongo bila kukusudia."

Niliandika. Daftari nililopewa lilipojaa niliomba jingine kijijini, nikaambiwa madaftari hayapo, hata watoto wa shule wanaandika hesabu mchangani. Nikavunja betri ya tochi iliyokufa, nikatoa kile kijiti cheusi cha ndani, nikaanza kuandika ukutani, kwa ndani, juu ya mahali nilipotundika hendeli ya kuwashia. Ukuta ulikuwa umesiribwa udongo wa kahawia, laini, na kijiti kiliandika vizuri ukikikandamiza. Sikuwa na kalenda, kwa hiyo niliandika kama watu wa pale walivyozihesabu siku. *Siku ya mvua ya mawe. Imechemka. Nimezima, nimesubiri ipoe, pipa limepungua, nimejaza. Nimemwambia Mwenyekiti.* Au: *Gulio la kwanza baada ya Idi. Imechemka tena. Pipa linavuja, sioni wapi. Nimeziba kwa sabuni.*

Pipa ninalolitaja lilikuwa la maji ya kupoza mashine. Lilisimama nje, nyuma ya nyumba, likaunganishwa na mashine kwa mabomba mawili yaliyopita ukutani. Maji yalizunguka humo, yakaingia ya baridi yakarudi ya moto, na chini kabisa ya pipa palikuwa na koki ndogo ya kumwagia uchafu. Mara nyingi sikuwa pale kuliangalia. Nikishawasha, nilipanda hadi kwenye tangi kuona maji yanafika, kisha nikashuka kuzungukia mabomba ya kuchotea. Nikirudi na kukuta mvuke, nilizima haraka, halafu kabla ya kuandika nikampitia mwenyekiti wa kijiji kumwambia. Naye alijibu, "Nimesikia, kijana," kama mtu anayeambiwa kwamba mbuzi wa jirani amekohoa.

Baadaye tukapata habari kwamba mkuu mmoja kutoka mkoani angekuja kuona kijiji cha mfano. Mwenyekiti akaamuru nyumba zote za umma zipakwe udongo mweupe, ule wa kando ya mto unaong'aa kama unga wa muhogo. Siku hizo nilikuwa Kaliua, nimetumwa kungoja mapipa ya dizeli. Nilirudi juu ya tela la trekta, nikaikuta nyumba ya mashine nyeupe kama jino. Nikaingia ndani. Ndani nako kulikuwa kweupe.

"Tumekusafishia, baba," akasema mama mmoja aliyekuwa bado ana udongo mpaka kwenye viwiko. "Ukuta wako ulikuwa na masizi, aibu tupu. Tumeupaka mara mbili."

Nilimshukuru. Ungesema nini? Nikachagua kona ya kuandikia upya siku itakapochemka tena. Mkuu akaja, akapigiwa makofi, akaishika hendeli kupigwa picha, akaondoka.

Mashine ilikufa muda mfupi baadaye, kiangazi kikiwa kimekaza, wakati miche ya tumbaku iko vitaluni na haiwezi kulala bila maji hata siku mbili. Nilikuwa kwenye tangi. Maji yaliyokuwa yakimiminika yakawa uzi, uzi ukakatika. Nilishuka mbio. Nyumba ya mashine ilikuwa imejaa mvuke, na mashine imezima yenyewe. Nilipoipoza na kuizungusha kwa hendeli ilikohoa mara mbili, ikanyamaza. Nikazungusha tena mpaka ngozi ya kiganja ikachubuka. Mara mbili, kisha kimya.

Kuanzia hapo wanawake walikwenda kuchota kwenye bwawa la mbugani, mbali, ambako walikuta ng'ombe wamekwisha kukanyaga. Sikuweza kupita mbele ya nyumba yoyote bila kuhisi mgongo unaniwasha. Hakuna aliyenitukana. Walinisalimu kama kawaida, na hilo ndilo lililoniogopesha.

Ujumbe ukaja kutoka Kaliua: katibu tarafa anakuja na fundi, na mgambo wawili. Kila mtu alijua mgambo wanakuja kufanya nini. Katika kijiji kingine, si mbali nasi, muuza duka la ushirika alikuwa amepandishwa treni kwenda Tabora kwa neno la mhujumu, na mkewe alikuwa bado anauliza kila abiria anayeshuka kama amemwona. Mwenyekiti aliniita pembeni. Alikuwa na hofu kama mimi, nadhani zaidi, maana ana watoto wengi.

"Fundi ndiye atakayesema," akaniambia. "Akisema ni mashine, ni mashine. Akisema ni uzembe, mimi sitaweza kukusaidia."

"Ndugu Mwenyekiti, mimi nilikuambia inachemka. Nilikupitia nyumbani."

Akatazama chini. "Uliniambia mambo mengi, kijana. Hilo silikumbuki vizuri."

Walifika asubuhi, jua likiwa limekwisha kuwaka. Katibu tarafa alikuwa mtu wa mikoa ya kaskazini, mrefu, wa shati la kaunda lililopigwa pasi, asiyekunja uso wala kuukunjua. Fundi alikuwa Mzaramo mnene wa makamo aliyefanya kazi Tabora miaka mingi, na alianza kunitukana kabla hajashuka kwenye tela.

"Ndiye huyu? Loo! Mnyamwezi ukimtwika mzigo kichwani anafika nao Ujiji, hapumziki. Mpe mashine iliyosimama mahali pamoja, hajui aipeleke wapi! Mfungeni huyu, ameua mali ya umma!"

Watu waliokuwa wamekusanyika waliangua kicheko. Mzee mmoja akamjibu, "Wewe Mzaramo unyamaze, babu yako tulimbeba pamoja na pembe, na pembe ndizo zilizokuwa nyepesi!" Huo ndio utani wetu na watu wa pwani tangu zama za misafara, na siku nyingine ningemrudishia. Siku hiyo sikuthubutu. Nilikuwa nimemwona katibu tarafa akigeuka.

"Fundi, unasema ameiua?" aliuliza.

Vicheko vikakoma. Fundi akajifuta jasho. "Ah, Ndugu Katibu, hapana. Huyu mtani wangu. Hata mama yake nimeshamuuza mara tatu. Mashine sijaiona bado."

"Basi iangalie. Treni ya Tabora ni jioni, nami nitaipanda. Nataka neno moja kutoka kwako, uzembe au si uzembe."

Aliketi kwenye kiti kilicholetwa kutoka shuleni, mgambo wakasimama nyuma yake, na mimi nikamfuata fundi ndani. Alizungusha hendeli taratibu, sikio likiwa karibu na chuma. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakiinua kwenye mwanga. Oili haikuwa nyeusi. Ilikuwa ya rangi ya maziwa na majani.

"Mtani," akasema kwa sauti ndogo, sasa bila mzaha, "oili yako imekuwa chai. Inangoja maandazi tu."

"Maji yameingia."

"Yameingia. Gasketi ya kichwa cha mashine, iliyokuwa ikiyazuia, imeungua. Na inaungua kwa kitu kimoja, mashine kukimbia bila maji ya kupoza. Sasa nisikilize. Kama ilichemka siku hiyo moja tu, ni kwamba ulisahau kujaza pipa, ukaenda zako kulala. Huo ni uzembe, nami sitautetea, nina watoto. Kama ilikuwa inachemka mara kwa mara, nawe unazima, unajaza, unasema, hapo mashine ilikuwa na ugonjwa, na ugonjwa hauna mwenyewe. Ilichemka mara ngapi?"

"Nyingi."

"Lini na lini?"

Nilifungua mdomo. Mwalimu wangu wa kozi alikuwa amenionya juu ya saa hiyo hiyo. Siku zilikuwa zimechanganyika kichwani kama nyuzi za cherehani ya baba. Nikasema wakati wa mvua, nikasema hapana, baada ya mvua. Kupitia mlangoni nilimwona katibu tarafa anasikiliza.

"Niliandika," nikasema. "Niliandika yote, hapa." Nikaupiga ukuta mweupe kwa kiganja, udongo ukanibaki mkononi.

Fundi aliutazama ukuta, akanitazama mimi, akamtazama mwenyekiti aliyekuwa mlangoni. Mwenyekiti akakohoa. "Ulikuwa ugeni," akasema. "Kila mahali palipakwa."

Nilichukua kitambaa cha oili, nikaanza kuusugua ukuta. Udongo ulitoka, lakini chini yake palikuwa na rangi ya kijivu iliyovurugika. Fundi akanidaka mkono.

"Acha! Utafuta na yaliyomo. Ulitumia nini?"

"Kijiti cha betri."

Akawaza. Kisha akatema mate kwenye kidole, akakigusisha ukutani mahali pakavu, taratibu, kama mtu anayegusa jicho la mtoto. Pale palipolowa weupe uliondoka, na ndani ya alama ile ndogo nikaona mkia wa herufi, mweusi, ukielea. Tuliutazama wote wawili. Upepo wa kiangazi ukapita mlangoni, alama ikakauka, mkia ukapotea tena ndani ya weupe.

"Ukilowa unaonekana," akasema fundi. "Ukikauka unajifunika. Leta maji."

Hapakuwa na maji. Pipa la kupoza lilikuwa tupu, tangi tupu, na mabomba yalitoa upepo. Maji yote ya kijiji yalikuwa kwenye ndoo za wanawake waliokuwa wamerudi kutoka mbugani na kusimama kutazama, mizigo yao imeshushwa miguuni. Mwenyekiti akawaendea.

"Mama zangu, tunaomba maji kidogo ya kuulowesha ukuta."

"Ukuta una kiu?" akauliza mmoja. "Mimi nimetoka usiku kuyafuata. Watoto hawajanywa uji."

"Ukuta mlituamuru tuupake," mwingine akasema. "Sasa mnataka tuuogeshe?"

Katibu tarafa alisimama. Nilidhani ataamuru, na kama angeamuru wangetoa, lakini wangetoa kwa chuki, na chuki hiyo ingekuwa yangu. Kabla hajasema, mkunga wa kijiji, bibi mwembamba aliyekuwa amejifunga kaniki, alisogeza ndoo yake kwa mguu mpaka mlangoni.

"Shikamoo, bibi," nikasema. Sauti ilinitoka kama ya mtoto.

"Marahaba. Unataka maji mengi?"

"Si kumwaga, bibi," fundi akasema. "Ukimwaga udongo unashuka wote. Unapuliza kwa mdomo, kama dobi anayepiga pasi."

Bibi akachota kata moja, akajaza mashavu, akapuliza. Ukungu mwembamba ukatua ukutani. Ulikuwa upulizaji ule ule anaowapulizia watoto wachanga anapowaombea. Weupe ukawa kijivu, kijivu kikawa kahawia, na maandishi yangu yakapanda juu, mstari baada ya mstari, yamepinda lakini ni yangu.

"Haya!" akapiga kelele mwanamke mmoja. "Tulimzika mtu mzima mzima!"

Wakaingia wengine. Walijipanga bega kwa bega, wakachota, wakapuliza, wakalowana, wakacheka mpaka maji yakawatoka puani, na fundi akiwahimiza, "Pulizeni, enyi wapagazi, hapa kodi hakuna!" Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa nayaangalia maneno yakipanda huku nikiangalia sehemu ya kwanza inavyokauka, nikihofu kwamba katibu hatasoma kwa wakati. Lakini alikuwa ameingia. Alivaa miwani, akasimama karibu, na akaanza kusoma kwa sauti, polepole, kama anasoma taarifa ya habari.

"Siku ya mvua ya mawe. Imechemka. Nimezima, nimesubiri ipoe. Pipa limepungua, nimejaza. Nimemwambia Mwenyekiti." Akageuka. "Ndugu Mwenyekiti?"

"Sasa nimekumbuka," mwenyekiti akasema haraka. "Siku ya mvua ya mawe, ndiyo. Mabati ya shule yalitoboka."

Katibu akaendelea. Imechemka. Nimejaza. Imechemka. Pipa linavuja, sioni wapi. Fundi alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika, na nilijua neno lake limekwisha kuwa upande wangu.

"Soma tena ile ya mvua ya mawe," akasema mkunga.

Katibu akamtazama juu ya miwani, akaisoma tena.

"Siku hiyo alizaa mke wa mwalimu," bibi akasema. "Na hiyo ya gulio la kwanza baada ya Idi, ni mapacha wa nyumba ya pale mwisho. Hiyo waliyoanza kuvuna asali, ni yule aliyetangulia miguu." Aliweka kata chini. "Kumbe kila nikizalisha, mashine inachemka."

Watu walicheka tena, lakini vicheko vya wanawake vilikatika upesi. Niliwaona wanatazamana. Fundi naye aliona.

"Bibi," akauliza kwa adabu kubwa, "wazazi unaowazalisha huwa unawakanda kwa maji ya moto?"

"Utamkanda mzazi kwa maji gani, baba? Ya baridi?"

"Na hayo ya moto unachemsha wapi?"

Nje mtu alisogeza ndoo. Kuni zilikuwa zimekwisha pande zote. Miti yote ya karibu ilikuwa imeingia kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, na mwanamke alilazimika kutembea mpaka jua lipande kupata mzigo mmoja. Na nyuma ya nyumba ya mashine palikuwa na pipa la maji ya moto, tayari, halitaki kuni wala kuni halijui, na koki yake chini. Mwendesha mashine naye alikuwa na kawaida ya kwenda kwenye tangi.

"Nilidhani maji yakishapita kwenye chuma ni ya kumwaga," bibi akasema. "Nilichota kidogo kwa kila mzazi, kwa siku zake zote. Na siku mashine ilipokufa nilikuwa na mzazi wa ng'ambo ya mabani. Alitokwa damu nyingi. Nilichota ndoo mbili."

Nikamtazama, nikatafuta hasira, nikaikuta. Nililiziba pipa lile kwa sabuni, kwa lami, kwa matambara. Nililala nikiota linavuja. Lakini sikupata nafasi ya kuitoa hasira hiyo, maana katibu tarafa alikuwa amefika mstari wa mwisho wa chini, pale ambapo mwanamke mmoja alikuwa ndio kwanza amepuliza.

"Usiku wa ngoma ya mavuno, asubuhi yake. Imechemka sana," alisoma. "Hapa nani alizaa?"

Mkunga aliokota kata yake akaifuta kwa kaniki, ingawa ilikuwa safi. Wanawake wote walitazama mahali popote isipokuwa mlangoni. Na mimi nikajua, kabla sijageuka, maana baba hasahau asubuhi ile. Mke wangu alikuwa amesimama kizingitini na mtoto wetu mgongoni.

"Mimi," akasema.

"Wewe ni mke wa nani?"

"Wa huyu."

Katibu tarafa alivua miwani. Mmoja wa mgambo, kijana aliyekuwa ameketi kivulini, alisimama na kukung'uta suruali.

"Kumbe," katibu akasema taratibu. "Maji ya mashine yaliingia nyumbani mwako mwenyewe, Bwana Mashine. Mkeo alikandwa nayo, siku zake zote, kama bibi anavyosema. Ukaja hapa ukaandika, pipa linavuja, sioni wapi."

Nilitaka kusema sikujua. Ukuta wangu, ulioniokoa muda mchache uliopita, ulikuwa unanifunga, na kwa mwandiko wangu. Fundi alikuwa anatazama vidole vyake vyenye oili.

"Hakujua," mke wangu akasema.

"Mke atasemaje vingine?"

"Ndugu Katibu, una watoto?"

"Ninao."

"Mkeo alipojifungua uliingia chumbani ukauliza maji ya kukandia yametoka wapi?" Alisema bila kupandisha sauti, akimrusharusha mtoto mgongoni asilie. "Hapa kwetu mwanamume hakanyagi chumba cha mzazi mpaka mtoto atolewe nje. Huyu alilala kwa jirani. Chakula chake alipelekewa huko huko. Akijua maji ya kukandia mzazi yanatoka wapi, basi kijiji kizima kimeharibika, si mashine."

"Kweli kabisa," akasema mkunga. "Angekanyaga mle ningemwagia hayo hayo ya moto."

Mama aliyenisafishia ukuta akaongeza, "Kama ni kufunga, Ndugu Katibu, tufungeni sisi. Lakini tela liwe kubwa, maana tumezaa wengi mwaka huu."

Hapo fundi alipata ulimi wake. "Andika, Ndugu Katibu, mashine imekufa kwa uzazi! Tangu nizaliwe sijaona. Wanyamwezi wamezaa mpaka chuma kimechoka!"

Kicheko kilichopasuka kilikuwa kikubwa, na ndani yake nilimwangalia katibu tarafa tu. Sikujua mtu wa kwao hucheka lini. Hakucheka. Alitoka nje, akazunguka nyuma ya nyumba, akainama mbele ya pipa, akaifungua koki. Tone moja likaanguka, likanywewa na vumbi. Akakaa pale ameinama kwa muda niliouona mrefu kuliko kozi yangu yote. Aliporudi alichukua kalamu.

"Fundi, neno lako."

"Si uzembe."

"Nitaandika hivi: mashine ilipungukiwa maji ya kupoza kwa kuwa pipa limejengwa nje, mahali pasipofaa." Akaandika. "Aliyelijenga nje simjui, alikwisha kuhamishwa. Na koki hiyo iondolewe leo, mbele yangu."

Nikaenda nyuma ya nyumba na spana, nikaitoa mwenyewe. Ilinichukua muda, na mgambo yule kijana akanishikia pipa lisitikisike.

Fundi alifungua kichwa cha mashine mchana huo. Gasketi ilikuwa imeungua kama alivyosema, lakini alipokilaza kichwa juu ya kioo cha mwalimu wa shule tuliona mwanga ukipita chini yake: kilikuwa kimepinda. Hakingetengenezeka pale. Kilifungwa ndani ya gunia, kikapandishwa kwenye tela kati ya mgambo wawili, kwenda Tabora. Fundi alinishika bega.

"Kitarudi, mtani."

"Lini?"

"Nimesema kitarudi. Mzaramo akikwambia kitarudi, unamwuliza lini?"

Trekta likaondoka. Nilibaki nimesimama mpaka vumbi likatua, na nilipogeuka niliwakuta wanawake bado wapo, ndoo zao zimepinduliwa kando ya mlango, tupu zote. Uji wa watoto ulikuwa umekwisha ukutani. Nilianza kuwashukuru. Mkunga akanikatiza.

"Shukrani hainywewi. Kesho unakuja nasi mbugani. Na kesho kutwa. Mpaka hicho kichwa kirudi."

"Bibi, mimi ni..."

"Wewe ni nani?"

Mke wangu alikuwa anainamisha uso, nikajua anazuia kucheka, na nikajua pia kwamba hataniombea.

Asubuhi yake nilipewa kata ya nguo, nikaiviringisha kichwani kama nilivyoonyeshwa, nikatwikwa ndoo. Njia ilipita kando ya vitalu, ambapo miche ilikuwa imelala chali, mingine imekwisha kuwa kahawia. Wakati wa kurudi maji yalinimwagikia shingoni kila hatua. Wao walitembea mbele, mikono imeachiwa, wakipiga soga, shingo zimenyooka. Mkunga alikuwa anaeleza kwamba ng'ambo ya mabani yupo mwingine, siku zake zimekaribia, na kuni hazipo. Alilisema mara mbili, kwa sauti, bila kugeuka nyuma kunitazama, nami nikaanza kutazama kando ya njia kama lipo tawi kavu.